Barua ya wazi kwa wakuu wa misitu na utafiti: Vipimo vyetu virudi vijijini, na tupime tena palepale

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS),
Kwa wakuu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI), Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Naandika nikiwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chenye msitu wake wa hifadhi, katika miombo, ile misitu ya wazi ya maeneo yenye kiangazi kirefu, mashariki mwa nchi. Msitu huo ulipimwa miaka kadhaa iliyopita. Tuliupima sisi wanakijiji tukiongozwa na wataalamu waliokuja na mradi. Tulivuta tepu, tukazungushia mashina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, tukataja majina ya miti, tukajaza fomu. Mradi ulipokwisha, fomu ziliondoka nao. Kilichobaki kijijini ni mpango wa usimamizi wenye jedwali la ukurasa mmoja, linalotuambia tuna mita za ujazo ngapi za kila aina ya mti na tunaruhusiwa kuvuna kiasi gani. Jedwali halisemi viwanja vya sampuli, yaani vile vipande vidogo tulivyopima kuwakilisha msitu mzima, vilikuwa wapi. Halisemi kila wastani unaweza kukosea kwa kiasi gani. Sasa muda wa mpango unakwisha, tunatakiwa kupima upya, na fomu za mwanzo hazijulikani ziko kwa nani. Kila niliyemuuliza amenielekeza kwa mwenzake. Nikikutana na makatibu wa kamati za vijiji vingine, habari ni hiyohiyo.

Nina ombi moja, na mengine yote yanatokana nalo. Vipimo vilivyofanywa na wanakijiji vitunzwe kama takwimu za taifa, virudi kijijini vikiwa kamili hadi mti mmojammoja, na kipimo kinachofuata kifanyike kwenye viwanja vilevile.

Nianze na hilo la viwanja vilevile, kwa sababu ndilo ninaloona linapuuzwa kuliko yote, na ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote.

Miombo haifanani mahali na mahali. Bondeni penye udongo mzito miti hunenepa, mlimani penye mawe hudumaa, na pale palipokuwa shamba la zamani ni vichaka vitupu. Tuchukulie mfano wa viwanja viwili tu: cha bondeni kina mita za ujazo 90 kwa hekta, cha mlimani kina 20. Mwaka huu ukipima cha bondeni, na baada ya miaka 5 mwenzako akapima cha mlimani, taarifa itasema msitu umepoteza zaidi ya robo tatu ya miti yake, na hakuna hata mti mmoja uliokatwa. Ukiongeza idadi ya viwanja, hatari hiyo hupungua lakini haiishi. Sasa chukua njia ya pili: rudi kwenye viwanja vilevile. Cha bondeni kimetoka 90 kwenda 94, cha mlimani kimetoka 20 kwenda 21. Tofauti ya bonde na mlima imejifuta yenyewe katika hesabu, na umebaki na kile ulichokuwa unakitafuta, yaani mabadiliko.

Kwa msitu unaokua haraka huenda mtu angevumilia njia ya kwanza. Mninga, mti wetu wa mbao, haukui haraka. Huchukua miongo mingi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na katika miaka 5 unene wake huongezeka kidogo sana. Ongezeko dogo namna hiyo haliwezi kuonekana katikati ya tofauti kubwa za kiwanja na kiwanja, isipokuwa umerudi kwenye shina lilelile na tepu ileile. Kijiji kinachopima viwanja vipya kila mara kinatumia nguvu za watu na posho za wataalamu, na mwisho wake hakiwezi kusema kama msitu unakua au unakwisha. Kiasi cha kuvuna kinachopangwa hapo ni cha kubahatisha.

Taifa lenyewe linalijua jambo hili. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009 kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ilipanga makundi ya viwanja nchi nzima, kila kiwanja duara lenye nusu kipenyo cha mita 15, na sehemu ya viwanja hivyo iliwekwa alama iwe ya kudumu ili watu warudi. Ripoti yake ya mwaka 2015 ilitupa picha ambayo nchi haikuwahi kuwa nayo: hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Naomba hapo pasomwe mara mbili. Karibu nusu ya misitu ya nchi iko mikononi mwa watu kama sisi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, na katika misitu mingi kati ya hiyo waliowahi kupita na tepu ni wanakijiji. Mkivitupa vipimo vyao, sijui mtavipata wapi vingine.

Nakubali kwamba kuna wataalamu wanaosita. Wanauliza kama mkulima aliyeishia darasa la saba anaweza kupima mti kwa usahihi wa kuaminika. Ni swali la haki, na limekwisha jibiwa hapahapa nchini. Katika miaka ya 2000, eneo la Kitulangalo, kandokando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dar es Salaam ambako mkaa umekula miombo mingi, Eliakimu Zahabu wa SUA alifanya kazi na wanakijiji waliofundishwa kupima kaboni iliyomo kwenye miti yao. Tasnifu yake ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2011 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Finn Danielsen, Zahabu akiwemo, lilichapisha matokeo kutoka Tanzania, India na Madagaska: wanajamii waliopewa mafunzo hupata vipimo vinavyokaribiana na vya wataalamu. Hata mimi nisiye mtafiti naelewa kwa nini. Kuzungusha tepu kwenye shina hakuhitaji shahada. Kunahitaji uangalifu, na mtu anayejua kwamba msitu ule utamlisha mjukuu wake ana sababu ya kuwa mwangalifu.

Makosa makubwa ya kitakwimu hayatokani na mkono wa mpimaji. Yanatokana na mahali alipopelekwa kupima. Siku tulipokuwa tunatafuta viwanja vyetu, tukifuata mistari iliyochorwa kwenye ramani kwa umbali sawa, mzee mmoja wa kamati alisimama mbele ya kichaka cha miiba akauliza kwa nini tuhangaike kuingia humo ilhali miti mizuri anaijua iko wapi. Yule bwana misitu kijana alimjibu kwa adabu: "Mzee, na hapa pasipo na mti ni sehemu ya msitu wako. Tukipaacha, tutakudanganya kuwa wewe ni tajiri." Mzee aliingia na panga lake akawa wa kwanza kufyeka njia. Naeleza hili kwa sababu watu hudhani kanuni za sampuli ni mambo ya darasani ambayo mwanakijiji hawezi kuyaelewa. Aliyaelewa kwa sentensi mbili, kwa sababu alielezwa.

Uingereza tangu mwaka 2015 wana mpango wa taifa wa kufuatilia mimea unaotegemea watu wa kawaida wanaojitolea. Mtu hupewa mraba wa kilomita moja kutoka kwenye orodha iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na hurudi palepale mwaka hadi mwaka kuandika mimea iliyopo kwenye viwanja vyake. Hachagui bustani anayoipenda. Utaratibu ndio unaofanya maandishi ya walimu wastaafu na wakulima yawe takwimu ambazo serikali inazitumia. Sisi tuna kamati za maliasili, tuna misitu yenye mipaka iliyopimwa, na tuna watu wanaoingia humo kila wiki kwa doria. Kilichokosekana ni utaratibu wa juu unaopokea, unaotunza na unaorudisha.

Nimetaja doria. Madaftari ya doria yamejaa habari ambazo hakuna anayezisoma, na baadhi zinasomwa vibaya. Tuseme mwezi mmoja walinzi wetu wameandika visiki vipya 12, na mwezi uliofuata 3. Mkutanoni watu watapiga makofi kwamba ukataji umepungua. Lakini ikiwa mwezi wa kwanza walitembea kilomita 40 na wa pili kilomita 10 kwa sababu ya mvua, visiki kwa kila kilomita ni vilevile, 0.3, na hakuna cha kupigia makofi. Daftari la doria halina safu ya umbali. Halina pia desturi ya kuandika sifuri: doria ambayo haikuona kisiki haiandikwi kabisa, kana kwamba haikufanyika, wakati hiyo ndiyo habari njema tunayoitafuta. TFS wakitoa fomu moja ya doria kwa nchi nzima, yenye tarehe, njia iliyopitwa, kilomita, na nafasi ya kuandika "hakuna", basi ndani ya muda mfupi watakuwa na kipimo cha uharibifu kutoka vijiji vingi kwa gharama ya karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo fomu zetu hazikuligusa, nalo ni la uhai wa msitu wenyewe. Tulipima miti mikubwa ya mbao. Machipukizi hayakuhesabiwa kwa makini, na miombo hujirudisha zaidi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Anayetaka kujua msitu utakuwaje baada ya miaka 30 aangalie chini, kwenye vijiti vya unene wa kidole, na aulize moto ulipita mwezi gani. Wazee wetu wanasema moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, hupita na kuacha machipukizi hai, na moto wa mwezi wa tisa au wa kumi huyaua hadi chini. Walio mijini huita hayo masimulizi. Basi watazame Ndola, Zambia, ambako tangu mwaka 1933 viwanja vya miombo viligawanywa: vingine vikachomwa mapema, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, vingine vikalindwa visiguswe na moto. Mtafiti C. G. Trapnell alipochapisha matokeo mwaka 1959, viwanja vya moto wa mwishoni vilikuwa vimepoteza miti na kugeuka nyika ya majani, na vilivyolindwa vilikuwa vinafunga kuwa msitu mnene. Wazee hawakukosea.

Sasa fikirini jaribio la namna hiyo, dogo, katika vijiji 50 vyenye misitu. Kila kijiji kina viwanja vya kudumu. Nusu ya viwanja, iliyochaguliwa kwa kura mbele ya mkutano wa kijiji, inachomewa mapema kwa usimamizi wa kamati, nusu nyingine inalindwa kwa barabara za kuzuia moto. Machipukizi yanahesabiwa kila mwaka. Hapo wanakijiji wangekuwa watafiti, wakiwa na swali ambalo ni lao na jibu ambalo wangelitumia msimu unaofuata. Kura mbele ya watu wote inampa mtakwimu uteuzi usio na upendeleo anaoutaka, na inampa mwanakijiji uwazi anaoutaka yeye. TAFORI na SUA wana watu wa kulipanga jambo hili, na sisi tuna msitu na mikono.

Wanawake wa kijiji wapewe nafasi yao hapa. Wao ndio wanaoingia msituni kutafuta kuni, ukindu, dawa na mboga za mwitu, na mimea ya chini wanaijua kuliko sisi tuliozoea kutazama magogo. Katika upimaji wetu walipewa kazi ya kupika.

Kuhusu majina ya mimea, najua wasiwasi wa wataalamu kwamba mti mmoja huitwa hivi huku na vile kule, na kwamba jina moja kama myombo hubeba spishi zaidi ya moja. Dawa yake ni ya zamani: tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwepo, libanwe, likaushwe, lipewe namba ya kiwanja na lipelekwe kwenye hifadhi ya mimea mikavu kama ile ya TAFORI iliyoko Lushoto. Jina likirudi, lirudi pia kijijini.

Na asiyeamini kwamba misitu ya vijiji ina kitu cha kuifundisha sayansi, atazame milima ya Udzungwa. Mwaka 2025 ulitangazwa rasmi mti mpya kwa sayansi, Tessmannia princeps, unaofikia urefu wa mita 40, na wataalamu wanakadiria kuwa mkubwa miongoni mwao huenda una umri unaofikia miaka 3,000. Ulipatikana katika misitu ya hifadhi ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, na miongoni mwa waandishi wa andiko lililoutangaza wako Watanzania Aloyce na Ruben Mwakisoma, waliokuwamo katika ugunduzi wake. Mti mkubwa kiasi hicho ulikuwa umesimama muda wote huo kwenye ardhi ya kijiji. Ni mingapi mingine imesimama kwenye misitu ambayo fomu zake zimepotea?

Nakuja kwenye fedha, kwa sababu sasa namba za miti zimekuwa fedha. Tangu kutolewa kwa kanuni za biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayotunzwa na miti, mwaka 2022, wageni wenye mikataba wameongezeka vijijini. Wenzetu wa vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, wamejenga madarasa na zahanati kwa fedha za kaboni, na tunawapongeza. Lakini kijiji kisicho na vipimo vyake kinakwenda mezani bila chochote. Msitu una tani ngapi, umepoteza ngapi, ungepoteza ngapi bila ulinzi: yote hayo kitaambiwa na yule anayenunua. Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko SUA, Morogoro. Kingeweza kuwa mahali ambapo kijiji kinaomba nakala ya takwimu zake na kupewa, pamoja na maelezo ya Kiswahili ya namna makadirio yalivyofikiwa na kiasi cha kukosea.

Hicho kiasi cha kukosea kinahitaji kusemwa hata huko juu. NAFORMA ilikadiria kuwa tunapoteza hekta 372,816 za misitu kwa mwaka. Baadaye taarifa ya nchi kwa Umoja wa Mataifa ikatoa hekta 469,420. Namba zote mbili ni za serikali, na zinatofautiana kwa sababu miaka iliyoangaliwa na njia zilizotumika ni tofauti. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba kila kiongozi anayepanda jukwaani huchukua moja na kuitamka hadi tarakimu ya mwisho, kana kwamba kuna mtu alihesabu hekta zile mojamoja. Wananchi wakizoeshwa kwamba makadirio yana upana, hawatadhani wamedanganywa siku namba mpya ikitoka. Nasi vijijini tunastahili kuambiwa hivyo kuhusu jedwali letu la uvunaji: kwamba mita za ujazo za mti wa mkongo zilizoandikwa zinaweza kuwa chini au juu kwa kiasi fulani, na kwa hiyo tuvune kwa kuanzia upande wa chini.

Kwa COSTECH nina neno fupi. Mtafiti anapoomba kibali cha kuingia kwenye msitu wa kijiji, kibali kitamke kwamba nakala ya takwimu na muhtasari wa Kiswahili vitafikishwa kwa serikali ya kijiji kabla kazi haijahesabiwa kuwa imekwisha. Na wanakijiji waliopima watajwe kwa majina yao kama watakubali. Tumechoka kuwa "wasaidizi wa uwandani" kwenye mstari wa mwisho wa shukrani.

Kwa TFS na halmashauri: kila wilaya yenye misitu ya vijiji iwe na rejista ya viwanja vya sampuli, yenye alama za jipiesi (GPS) zinazoonyesha mahali, tarehe, majina ya wapimaji na mahali fomu zilipo. Vijana wawili wa kila kijiji wafundishwe kuingiza vipimo kwenye kompyuta au simu, kukokotoa wastani na kiasi cha kukosea, na kusoma jibu lake mkutanoni. Nimewaona vijana wetu wakikokotoa faida na hasara za bodaboda hadi shilingi ya mwisho. Hesabu hii hawataishindwa. Na ili wakubwa wawe na amani, sehemu ya viwanja vya kila kijiji irudiwe na mtaalamu kutoka nje, na matokeo yote mawili yabandikwe kwenye mbao za matangazo.

Upo utafiti ulioongozwa na Tom Blomley, uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha misitu ya Tanzania yenye usimamizi shirikishi na isiyo nayo, ukaona hali ya ile inayosimamiwa na wananchi ni bora. Nafurahi nikiusoma. Lakini mtakwimu mkali atauliza: je, vijiji vilivyoingizwa kwenye mpango vilikuwa tayari na misitu mizuri tangu mwanzo? Swali hilo hujibiwa na vipimo vya mwanzo na vya baadaye, vya mahali palepale, kutoka vijiji vingi. Vipimo vya mwanzo vilikwisha fanyika. Viko kwenye makabati na kompyuta za watu.

Sisi tunataka kupima kiangazi kijacho, majani yakiwa yamepungua na njia zikipitika. Kamati imekaa, mkutano mkuu wa kijiji umeridhia, na wapimaji walioshiriki mara ya kwanza bado wapo. Tunachohitaji kabla ya hapo ni nakala ya fomu za mwanzo na alama za jipiesi za viwanja, tepu mbili za kupimia unene, na bwana misitu mmoja wa kukaa nasi hadi kazi iishe. Yeyote kati yenu aliye na fomu hizo azikabidhi kwa Ofisa Misitu wa Wilaya husika, na kila kijiji kingine nchini kipewe za kwake.

Wenu katika kazi,

Katibu,
Kamati ya Maliasili ya Kijiji
Mkoa wa Morogoro

Nakala: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya zenye misitu ya hifadhi ya vijiji; Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA)